Huduma ya bure kwa waliodhulumiwa vituoni Australia: tuliyoyaona mimi na mama mkwe

Nilipoolewa hapa Melbourne miaka 9 iliyopita, niliona kwamba nyumbani kwa mama mkwe hakuna mlango wa ndani wenye komeo wala ufunguo, hata wa choo. Aliving'oa vyote mwenyewe kwa bisibisi. Mume wangu amekulia humo, kwake ni kawaida, na mimi mkwe mgeni ningeanzia wapi kuuliza? Mwaka juzi daktari alipotaja habari ya kumhamishia kwenye nyumba ya wazee, mama ndipo alipofungua kinywa. Alilelewa kwenye kituo cha watoto tangu ana miaka 4 hadi 15, na hatakwenda tena mahali ambapo funguo anazo mtu mwingine. Aliyotendewa huko sitayaandika. Ni yake.

Ninaandika kwa sababu wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunafanya kazi ya kuhudumia wazee nchi hii, na wazee kama mama tunao mikononi kila siku. Ripoti ya Seneti ya 2004 ilikadiria kuwa watoto 500,000 au zaidi walipitia vituo na malezi ya nje ya familia katika karne iliyopita. Wanaitwa Waaustralia Waliosahauliwa. Novemba 16, 2009, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi. Mama anasema siku hiyo alizima televisheni akaenda kufua.

Sasa huduma yenyewe. Ni ya kumshika mkono mtu anayeomba fidia kwenye Mpango wa Taifa wa Fidia (National Redress Scheme), wa waliodhulumiwa kingono utotoni vituoni, ulioanza Julai 1, 2018. Serikali kuu inalipa, mashirika ya kijamii yanaendesha, na wewe hutoi hata senti. Hilo la senti nalisisitiza, maana kabla hatujaijua, kampuni moja ilimpigia mama simu ikajitolea kumjazia fomu, halafu ichukue asilimia ya malipo yake. Kalamu alikuwa ameshaishika. Bado ninatetemeka nikikumbuka.

Dada tuliyepewa na huduma hiyo alikuja nyumbani, akamwuliza mama angependa yeye akae kiti kipi. Siku ya kwanza hakutoa fomu kabisa. Alikunywa chai, akauliza kama mama angetaka kwanza faili lake la kituoni litafutwe, kwa sababu kuna huduma nyingine ya aina hiyohiyo, Find and Connect, inayowasaidia waliolelewa vituoni kupata kumbukumbu zao. Mama hakujua kwamba faili lipo.

Lilichukua miezi. Lilikuja na kurasa 11, majina ya watu wengine yamefutwa kwa mistari myeusi. Dada alilisoma lote kabla ya kumkabidhi, kisha akamwambia: "Humu mna kadi kutoka kwa baba yako. Unataka kuiona leo au siku nyingine?" Mama akasema siku nyingine. Dada akairudisha kwenye mkoba wake, bila neno. Zilipita wiki 3 mama akamwita. Ilikuwa kadi ya siku ya kuzaliwa, ya kutimiza miaka 7, ina picha ya sungura. Bahasha ilikuwa imechanwa kwa kisu, vizuri kabisa. Mtu aliifungua, akaisoma, akaitoboa matundu mawili ya faili katikati ya sungura, akaihifadhi. Mama hakuwahi kupewa. Miaka yote hiyo aliamini baba yake hakuwahi kumkumbuka.

Kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote.

Fomu ilijazwa kidogo kidogo, dakika 20 leo, wiki ijayo tena, kwa maneno ya mama mwenyewe. Dada ndiye aliyetuambia kwamba aliyefikisha miaka 70 anaweza kulipwa dola 10,000 za mwanzo wakati maombi yanashughulikiwa. Kwa pesa hizo mama aliwekewa vyuma vya kushikilia bafuni na kwenye ngazi, na habari ya nyumba ya wazee ikaishia hapo. Dada alitupeleka pia kwa wanasheria wa shirika la knowmore, bure vilevile, wakamweleza mama kwamba akikubali fidia hawezi tena kukishtaki kituo hicho kwa dhuluma hiyo. Walirudia mara tatu mpaka akaelewa.

Kasoro zipo. Katikati ya safari dada alikwenda likizo, tukaletewa mtu mwingine aliyeanza kumwuliza mama mambo upya, naye mama akanyamaza miezi miwili. Simu zao huonyesha namba iliyofichwa, na mama hapokei simu ya namna hiyo.

Ila linaloniuma zaidi si lao, ni la sheria. Mpango unamlipa aliyedhulumiwa kingono. Rafiki wa mama, waliyelala vitanda jirani, alipigwa na kushindishwa njaa tu, basi hana chake. Na kiwango cha juu kiliwekwa dola 150,000 wakati Tume ya Kifalme, ile iliyochunguza dhuluma hizi, ilikuwa imependekeza 200,000. Dada hakumficha huyo rafiki ukweli, alimwambia mapema, kisha akamsaidia kupata mshauri nasaha.

Kama una mzee wa namna hii, usichelewe, kwani maombi yanafungwa Juni 30, 2027. Lakini usimkokote. Mpe habari, muache.

Jibu la maombi ya mama lilifika mwezi uliopita. Ana miezi 6 ya kukubali au kukataa, na anaweza pia kutaka kituo kimwombe radhi ana kwa ana. Bahasha iko juu ya friji, haijasogea. Juzi dada alipiga simu, safari hii kwa namba inayoonekana. Habari ya barua hakuigusa. Aliuliza mama amelalaje.