Simu ya ushauri ya Acas, shirika la umma la haki na migogoro ya kazi Uingereza: nyota nne kutoka kwa mfanya usafi

Nawaandikia hasa ninyi mnaofanya usafi, mnaotunza wazee au mnaopanga maboksi maghalani hapa Uingereza, ambao saa zenu za kazi hubadilika kila wiki. Kwenye magrupu ya WhatsApp bado wapo wanaoapa kwamba nchi ilipotoka Umoja wa Ulaya, likizo yenye malipo ilifutwa. Uongo mtupu. Wiki 5.6 kwa mwaka zipo pale pale: nne zilitokana na sheria za Ulaya, 1.6 Waingereza waliongeza wenyewe.

Kilichobadilika ni namna ya kulipa. Slipu yangu ya mshahara ilikuwa na mstari mmoja tu, saa mara pauni, basi. Nilipouliza hela ya likizo iko wapi, supavaiza akasema imo humo humo kwenye malipo ya saa.

Nikawapigia Acas. Ushauri wenyewe haulipiwi, na hawakuniuliza jina la kampuni. Dada aliyepokea alinielekeza taratibu bila kunikatiza: kwa sisi wa saa zisizotabirika, kwa miaka ya likizo inayoanza 1 Aprili 2024 na kuendelea, mwajiri anaruhusiwa kulipa hela ya likizo pamoja na mshahara. Ila iwe asilimia 12.07 juu ya mshahara, na ionekane kwenye mstari wake. Ukilipwa pauni 400, lazima uone na 48.28 pembeni. Hiyo ya "imo humo humo" haipo kisheria.

Baadaye nilijisomea kwamba mahakama ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, ilishaukataa mtindo huu wa kulipa likizo pamoja na mshahara mwaka 2006, ikihofia watu wataacha kupumzika. Uingereza ilipotoka ndipo serikali ikapata upenyo wa kuurudisha. Mimi nawaunga mkono wa Luxembourg. Hizo pauni 48 zinamezwa na kodi ya nyumba, halafu Agosti nikichukua wiki mbili kwenda Tanga haiingii hata senti.

Nyota ya tano nimewanyima kwa kuwa wanakueleza sheria ilivyo, lakini hawakuambii kama kesi yako ina nguvu, wala hawakuandikii barua. Wikiendi hawapo, na wengi wetu wa shifti za alfajiri ndiyo siku tunazopata nafasi ya kukaa na simu.

Waliniambia mapema kwamba muda wa kudai ni miezi mitatu kasoro siku moja, na kabla ya mahakama ya kazi sharti uanzie kwenye usuluhishi wao. Ada hakuna. Mimi sikufika huko. Niliwaandikia baruapepe watu wa malipo nikaitaja ile 12.07, na slipu iliyofuata ikaja na mstari wa pili. Malimbikizo ya nyuma bado tunavutana nao.