Niliambiwa "kila kitu kimo", nikadaiwa mpaka ngazi za mawe

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike, nisije nikamwonea mtu kwa hasira. Hasira haijatoka, kwa hiyo naandika nayo.

Juzi kati hapa, kabla mvua hazijakata, tulihama kutoka Bugarika kwenda Buswelu, hapa hapa Mwanza. Anayeijua Bugarika anajua nyumba zetu zilivyokaa mlimani katikati ya mawe. Gari linaishia chini barabarani, kutoka hapo ni miguu yako na ngazi. Ndiyo maana sikuhangaika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nilitafuta kampuni ya kuhamisha vyombo yenye watu wake wa kubeba, kwa sababu naishi na mama, mama ana presha, na sikutaka siku hiyo iwe ya kelele.

Nilimpigia msimamizi wao nikamweleza yote. Nikamtumia picha kwa WhatsApp: ngazi, friji, kabati la mama, kitanda cha futi sita. Nikamuuliza bila kuficha: gari halifiki mlangoni, je, bei hiyo ni pamoja na kuteremsha vyombo, kupakia, na kupakua kule tuendako? Jibu lake ninalo kwenye simu mpaka leo. "Kila kitu kimo dada, Mwanza hii tunaijua." Laki mbili na ishirini. Nikatanguliza laki moja, nikalala nimetulia.

Asubuhi walifika kwa wakati, na kwa hili sitawanyima haki yao: wale vijana wanne waliokuja na Canter wanaijua kazi. Friji ilishuka mawe yote yale ikiwa wima, imefungwa magunia na kamba, haina mkwaruzo hata mmoja. Kijana mmoja mwembamba alijitwika kichwa cha cherehani ya mama, chuma kitupu, akawa anashuka taratibu anahesabu ngazi kwa sauti. Mama alisimama mlangoni juu akimwombea dua mpaka alipofika chini. Ungeniuliza saa tano asubuhi ile, ningekwambia hakuna kampuni kama hii Mwanza nzima.

Sasa njoo Buswelu.

Gari limesimama getini. Mlango wa nyuma una kufuli, funguo ziko mfukoni mwa msimamizi, ambaye alitangulia kwa bodaboda na anatusubiri na karatasi aliyoichana kwenye daftari. Anasema tumalizane kwanza ndipo vyombo vishuke. Nikatoa simu nimtumie laki na ishirini iliyobaki. Akatikisa kichwa. Ile laki mbili na ishirini, anasema, ilikuwa ya gari.

Ya gari! Mtu nimemtumia picha za ngazi, nimemuuliza habari ya kupakua, ameniandikia kila kitu kimo, leo bei ni ya gari. Akaanza kunisomea. Ngazi elfu sitini. Kupakua elfu arobaini. Kufungua kitanda na kabati elfu ishirini na tano. Nailoni na maboksi elfu ishirini na nane, maboksi ambayo walikuja nayo wenyewe wakasema "hifadhi vyombo vya udongo humu dada", nami nikashukuru nikidhani ni ukarimu. Halafu muda wa kusubiri, elfu thelathini. Nilipouliza alisubiriwa nani, nikaambiwa gari lilisimama saa nzima. Saa hiyo gari lilisimama njiani, Buzuruga, kwa mama ntilie, wao wakila ugali na sato. Sikatai watu kula, wamebeba mizigo tangu alfajiri. Lakini nilipishwe mimi saa yao ya chakula? Jumla ya nyongeza laki moja na themanini na tatu.

Pengine hata hayo ningeyameza. Bei tunapatana, hela inatafutwa. Lililonishinda ni hili.

Dawa za mama zilikuwa kwenye mkoba wake mweusi, na mkoba ulipakiwa pamoja na vyombo. Muda wake wa kumeza ulikuwa umefika. Mama akajikongoja mpaka alipokuwa yule msimamizi, akamsalimia kwa Kisukuma kama alivyolelewa, "Mwadila, baba." Mtu hakuitikia. Macho yako kwenye simu. Mama akangoja kidogo, akasalimia tena, akamwomba amfungulie atoe mkoba tu, vingine vikae. Yule bwana akasema, bila kuinua uso: "Bibi, subiri pembeni, naongea na mwenye hela."

Mama ana miaka sabini na kitu. Hapa kwetu hata mtu mnayegombana naye mpaka unaitikia kwanza salamu ya mama mzima. Alirudi akakaa kwenye jiwe kando ya geti, akavuta kanga akajifunika mabega, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ng'wanawane (mwanangu), mpe tu hela yake." Mkono ulikuwa unanitetemeka nilipokuwa nabonyeza namba za siri. Tulivutana mpaka nyongeza ikawa laki na arobaini. Jumla nimelipa laki tatu na sitini kwa kazi ya laki mbili na ishirini. Nilipoomba risiti ya mashine ya EFD nikapewa ile ile karatasi ya daftari, haina jina la kampuni wala TIN, namba ya mlipakodi.

Nimekaa nikaelewa mchezo ulivyo. Bugarika hakutaja ngazi, ingawa zilikuwa mbele ya macho yake, kwa sababu pale ningeweza kusema basi, acheni, naita watu wengine. Nyongeza inasubiri mpaka kitanda chako, sufuria zako na dawa za mzazi wako vimeshafungiwa kwenye gari lake. Kwa hiyo ukipatana nao, usikubali neno "kila kitu". Waandike kimoja kimoja: watu wangapi, ngazi, kupakia, kupakua, kufungua vitanda, maboksi ni ya nani. Na dawa, vyeti na hela tembea navyo mkononi. Jirani yangu alihama kwa kirikuu safari tatu na vijana wa mtaani, akachoka sana, lakini alipoambiwa bei ni ya gari aliambiwa kabla hata gari halijawashwa.

Nilitaka niseme ni wabaya wote, ila siwezi. Wakati tunapakua, nilimpa pole yule kijana wa cherehani, nikamwambia angalau ngazi zile nimewalipia. Akanitazama kama hajanielewa. Wao, anasema, wanalipwa elfu kumi kila mmoja kwa siku, iwe tambarare iwe mlima. Ile elfu sitini ya ngazi hakuna mguu uliopanda ngazi ulioiona. Nilikuwa nimebakiwa na elfu tano mkononi, nikampa. Akaenda akagawana na wenzake pale pale, mimi naona.

Kampuni hiyo sitaiita tena, hata wakinipunguzia nusu. Vijana ningewaita kesho, kama ningekuwa na namba ya hata mmoja wao. Mama cherehani yake anaitumia, iko dirishani, inaimba kama zamani. Kila akikaa kushona ananiuliza kama yule kijana aliyekuwa akihesabu ngazi alikuja kulipwa haki yake, na kila mara namjibu kwamba sijui.