Poirot, ile ya mwisho kabisa: muuaji anayeua kwa maneno

Jana usiku nimeangalia Curtain, epizodi ya mwisho ya Poirot, mimi na mama sebuleni, ye kajifunika kanga mabegani kwa ajili ya feni, na mpaka saa hizi naandika bado haijanitoka kichwani. Nasema mapema kabisa, huko chini nitamwaga mchele, kwa hiyo kama hujaiona soma aya moja inayofuata halafu nenda kaangalie kwanza, ndo urudi.

Kwa wasiomjua, Poirot ni yule mpelelezi wa Kibelgiji, mfupi, nadhifu kupita kiasi, masharubu yamenyooshwa kama kwa rula. Agatha Christie ndo aliyemtunga na kwenye TV David Suchet kamcheza kuanzia Januari 1989 mpaka hii ya Novemba 2013, ITV ya Uingereza, epizodi 70 zote yeye. Kitabu chenyewe Christie alikiandika kipindi cha Vita Kuu ya Pili akakiweka kabatini miaka yote hiyo, kikatoka 1975, na New York Times wakatoa tanzia ya Poirot ukurasa wa mbele, mtu wa kubuni jamani, kaandikiwa tanzia kama rais mstaafu! Watu walikuwa wanampenda kweli.

Sasa hadithi. Ni 1949, vita imeisha, Kapteni Hastings rafiki yake wa zamani kafiwa na mke, anaitwa na Poirot aje Styles, nyumba ileile walikotatua kesi yao ya kwanza wakati Poirot ni mkimbizi tu wa Vita Kuu ya Kwanza. Ila Styles sasa imekuwa gesti, mzee Kanali Luttrell na mkewe wanalaza wageni ili waishi. Walichukulia picha kwenye Shirburn Castle kule Oxfordshire na aisee mle ndani kumepoa, kuta kijivu, korido ndefu zina giza mchana, kuna piano inapigwa taratibu na ule muziki wa saksafoni wa miaka ya mwanzo uliokuwa unakuchangamsha haupo. Ukiingia tu unajua hapa hakuna harusi.

Na Poirot yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mi nimemwangalia huyu mtu anatembea vile vihatua vyake vya harakaharaka miaka na miaka, halafu namwona amekonda, mashavu yameingia ndani, mtu mwingine anamsukuma, nikanyamaza. Suchet alijikondesha kwa ajili ya hii. Mama akauliza "huyu mzee anaumwa kweli au anaigiza?" nikamwambia mama anaigiza, akasema hapana, angalia mikono. Na kweli mikono ndo inayocheza humu, ile ya kunyanyua kikombe inachukua muda, kidole kinatafuta ukingo wa blanketi, halafu macho juu yake ni yaleyale makali, hayajazeeka hata siku moja.

Poirot anamwambia Hastings kuna mtu humu ndani ameshahusika na mauaji matano, kila kesi ina mshukiwa wake wa wazi, lakini mtu huyuhuyu alikuwa karibu kila mara. Jina hataki kumtajia maana Hastings uso wake hauna siri.

Hapa ndipo nilipoipenda hii kuliko zote, maana huyo mtu hagusi silaha. Ni mfitini. Anaitwa Norton, kaka mpole, kazi yake kutazama ndege na darubini, anakaa pembeni anasikiliza, akishajua unaumia wapi anaweka neno moja hapo, dogo tu, tena kwa sauti ya huruma. Kanali Luttrell amedhalilishwa na mkewe mbele ya wageni, Norton anamjaza kidogo, muda si mrefu mzee kashika bunduki anasema ameona sungura, kampiga mkewe (alipona, afadhali). Halafu anamgeukia Hastings, anamwonyesha Judith, binti wa Hastings mwenyewe, yuko na mhuni mmoja anaitwa Allerton, na Hastings, mtu mwema kuliko wote kwenye hizi hadithi, anaandaa vidonge vya kumuulia Allerton kwenye whisky. Mama hapo kasema "kashajazwa huyo," na ndo neno lenyewe. Sisi tunaosema fitina ni mbaya kuliko kuua tumelitamka mara ngapi bila kuona linavyofanya kazi hatua kwa hatua? Humu unaliona. Nyuma yake ni Iago wa kwenye Othello, tamthilia ya Shakespeare, yule mfitini anayemjaza Othello wivu mpaka anamuua mkewe, na Poirot mwenyewe anamwachia Hastings hicho kitabu kama alama, ila huhitaji kukisoma, ukiwa umewahi kukaa na mchonganishi ofisini au kwenye ukoo utamtambua.

Kuna kitu kingine kilinigusa, Judith na daktari anayefanya naye kazi wanachunguza maharage ya Calabar, ya Nigeria, ambayo zamani mshukiwa wa uchawi alilishwa, akitapika akapona hana kosa, akifa basi ndo alikuwa na hatia. Huku kwetu ilikuwa mwavi. Kwa hiyo hadithi nzima inauliza nani ana hatia na sumu ipo palepale mezani.

Mwisho wake sasa. Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa maneno ya pembeni, kwa hiyo Poirot anamwita Norton usiku, anamwambia yote, anampa kakao, Norton kashtuka anataka wabadilishane vikombe, wanabadilishana, kumbe vyote viwili vina dawa ya usingizi ila Poirot kaizoea mwilini siku nyingi. Kisha mtu aliyepinga mauaji maisha yake yote anaua. Anarudi kitandani na rozari mkononi, dawa zake za moyo amezisogeza mbali asizifikie, anamwomba Mungu msamaha na hana uhakika kama atapata. Suchet hapo halii kwa kelele, ananong'ona tu, na mi nililia.

Kasoro zipo. Dakika 20 za mwanzo zinavuta sana na wahusika wanamwagwa wote kwa pamoja, mama alimchanganya nesi na Judith mpaka katikati. Halafu majibu yote yanakuja kwenye barua moja ndefu Hastings anayosoma miezi minne baadaye, ni kusimuliwa zaidi ya kuonyeshwa. Na Judith kaandikwa mkali mno kwa baba aliyetoka kufiwa, sijampenda.

Bado naipa 9 kwa 10. Ila usianze na hii, tafadhali. Tafuta kwanza The Mysterious Affair at Styles ya 1990, Poirot bado mkimbizi, Hastings bado kijana ana majeraha ya vita, waone wanavyokutana tena. Mi leo jioni naianza upya hiyo, mama kashaniambia nisibonyeze kabla hajaswali isha.