Jina halisi au la bandia mtandaoni: lipi linamfaa kijana mwenye haya?

Kuna kijana anayeandika sentensi, anaifuta, anaiandika tena mara nne, mwisho haitumi. Mpe jina la bandia uone. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza jinsi aibu inavyolegea mtandaoni, akaona sura mbili: mtu kufunguka aseme yaliyomkaa moyoni, na mtu kufunguka atukane.

Kwenye kuanza kusema, jina la bandia linashinda bila ubishi. Swali la mwili au la huzuni, ambalo hata rafiki haulizwi, huulizwa hapo.

Kwenye adabu, wengi husema jina halisi ndilo linaloshinda. Mimi nasita. Ili kupunguza matusi, Korea Kusini ililazimisha tovuti kubwa kuthibitisha majina ya watumiaji kuanzia 2007. Mahakama ya Katiba ikaitupa sheria hiyo 2012. Mwaka huohuo utafiti wa Lapidot-Lefler na Barak ulionyesha kuwa kutotazamana machoni huchochea matusi kuliko kuficha jina. (Magrupu ya ukoo tunayajua: kila mtu ana jina lake, na bado.)

Kwenye kudumu, ujasiri wa kujificha unaweza kubaki kwenye simu. Kesho darasani mkono haunyanyuki. Jina halisi hutoa jasho mwanzoni, ila sifa unayoijenga ni yako. Kosa nalo ni lako, kwa miaka.

Mwenye siri nzito aanze na bandia. Anayetaka kuwazoea watu wanaomjua atumie jina lake, hata kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi.