TAHADHARI: Hiyo "kevu tresa" ya bei poa inayozungushwa Nairobi si kevu tresa

Mafundi wenzangu wa ampu, wa inveta, wa mashine za kuchomelea, tafadhali someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna jamaa anazungusha tangazo la kevu tresa, ile mashine ya kuchora kwa skrini mistari ya jinsi transista (parti ya kukuza umeme) inavyopitisha mkondo, anataka 28,000 na ukimbembeleza anashuka mpaka 22,000, anasema ni eksi-Uingereza imetoka kwa maabara ya chuo fulani. Picha anayotuma ni ya Tektronix 576, na yeyote aliyesomea elektroniki kitambo anaijua hiyo mashine, ilitoka 1969 na mpaka leo watu wanaililia. Sasa wewe ukiona 576 kwa bei hiyo roho inaruka, na hapo ndipo anakunasa.

Kinachofika ni kitu kingine kabisa. Kijana wa kibanda cha jirani hapa Luthuli aliletewa yake na boda, na boda ameambiwa asiachilie mzigo mpaka balansi ilipwe, kwa hivyo unalipa ndio unafungua. Tukaifungua pamoja kwa meza yangu. Boksi ya plastiki nyeusi, mbele stika imeandikwa 1500V, tundu mbili moja nyekundu moja nyeusi, na kidirisha cha skrini ndogo. Tukatoa skurubu nne. Nyuma ya zile tundu hakuna waya hata mmoja, zimekazwa tu na nati ili zionekane. Ndani kuna betri ya volti 9 na kile kitesta kidogo cha soketi ya kijani yenye kamkono ka kuinua, chip yake ni ATmega328, kimeshikiliwa na gundi ya moto ambayo nyuzi zake bado zinaning'inia. Hicho kitesta kwa maduka ya hapa mtaani unakipata kwa 2,000 au 3,000 hivi, kikiwa na warantii ya muuzaji unayemjua sura.

Na sikitukani kitesta chenyewe, niko nacho na nakitumia kila siku. Kazi yake ya mwanzo ilifanywa na Mjerumani Markus Frejek, halafu Karl-Heinz Kübbeler akaiendeleza, wakaachia watu bure, ndio maana kimejaa kila mahali. Ukiweka transista kinakuambia mguu upi ni besi upi ni kolekta, ni NPN ama PNP (aina mbili za transista), geini ngapi, yaani inakuza mkondo mara ngapi. Lakini kinapima kwa volti 5 na mkondo wa miliampia chache tu, hakichori mstari wowote wa maana na hakiwezi kukuambia transista itavumilia volti ngapi. Na sisi hilo ndilo swali letu kubwa. Chukua 2SC5200, transista kubwa ya ampu, ya kweli inatakiwa kuvumilia volti 230 na ampia 15. Feki zake zimejaa, ndani unakuta kipande cha silikoni kidogo sana kuliko kinachotakiwa, ukiiweka kwa kitesta inasoma NPN, geini 90, kila kitu safi, unaifunga kwa ampu ya mteja yenye reli (laini za umeme wa ndani) za volti 70 chanya na 70 hasi, akipandisha sauti inalipuka na kuchukua spika pamoja nayo. Mteja hataki kusikia habari ya feki, anataka spika yake. Kwa hivyo mtu akikuuzia kitesta akikiita kevu tresa ya volti 1500 hajakula elfu ishirini zako peke yake, amekuachia mashine inayokuambia parti mbovu ni nzima.

Kevu tresa ya kweli inafanya hivi: inapandisha volti za kolekta kutoka sifuri kwenda juu na kurudi, mara nyingi kwa sekunde, na kila safari inaongeza mkondo wa besi hatua moja, ndio unaona familia ya mistari, mmoja juu ya mwingine. Ukitaka kumshika huyu jamaa ama mwingine kama yeye, mwambie akutumie video ya mashine ikiwa na transista yako unayoitaja wewe, halafu aishike transista kwa vidole ama aipitishie pasi ya solda karibu kidogo. Joto linapandisha geini, kwa hivyo mistari lazima ipande ukiangalia. Picha iliyobandikwa ama video ya kurudiarudia haitapanda. Huyu alipoulizwa hivyo na jamaa mwingine alimblock papo hapo.

Kuna pia wale wanauza osiloskopu (mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwa skrini) ya zamani yenye kitufe cha kupima parti, kama zile za Hameg, wanaiita kevu tresa. Hiyo inapima miguu miwili tu, haina hatua za besi. Ni kifaa kizuri sana cha kutafuta dayodi iliyovuja kwa bodi, ila lipa bei ya osiloskopu, usilipe bei ya jina.

Sasa kama kweli unataka kupima na huna pesa ya Tektronix. Kwa transista ndogo kuna Peak DCA75 ya Uingereza, hiyo inachora mistari ukiiunganisha na kompyuta, lakini inaishia volti 12 na miliampia 12 hivi, nzuri kwa kulinganisha jozi. Kwa volti za kuvunjika, yaani pale transista inaposhindwa kuzuia umeme, mimi natumia mega ya fundi wa stima, ile ya kupima insuleshoni. Unaiweka 500V, chanya kwa kolekta, hasi kwa emita, besi na emita umeziunganisha pamoja, halafu mita ya kawaida inayovumilia volti 1000 unaiweka sambamba. Mega inatoa mkondo mdogo sana kwa hivyo transista haiungui, na mita inakuonyesha volti zimekwama wapi. 2SC5200 nzuri lazima ipite 230, feki unaikuta imekwama 100 na kitu. Usishike miguu kwa mkono wakati mega iko on, na ukimaliza subiri ishuke kabla hujachomoa. Itakuonyesha volti tu, haitakuambia kama itabeba ampia 15, lakini feki nyingi zinaanguka hapo hapo.

Kwa wale wametuma diposti wiki hii: forwadi meseji yote ya M-Pesa kwenda 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, sasa hivi, kwa sababu akishatoa hiyo pesa kuirudisha ni ngumu. Usikubali kulipa balansi kwa namba ya mtu binafsi, mwambie till (namba ya biashara ya M-Pesa), na mzigo ufunguliwe mbele ya boda. Akikataa, boda arudi nao. Kama umeshalipa yote weka lile boksi kama lilivyo na stika yake, piga picha ndani, chukua skrinshoti za tangazo kabla hajafuta, uende stesheni ya polisi uandikishe OB, ile ripoti ya kitabu cha matukio. Huyo kijana wa jirani tayari ana OB yake, na mkiwa wengi wenye namba ile ile ya simu, polisi wana kitu cha kushika.