Tofali gani ununue Mbeya na Iringa: nilivyoyapanga mimi, la kwanza hadi la mwisho

Mwaka niliojenga chumba na sebule pale Uyole, nilinunua matofali ya kuchoma mwezi wa Novemba. Muuzaji alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na haraka zaidi yake, na wingu lilikuwa limeshatanda juu ya mlima Loleza. Yakashushwa matofali 3,000. Mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha, na asubuhi nikakuta tabaka la juu limelainika, kona zimeliwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Nilitenga zaidi ya 600 yasiyofaa. Pesa ilikuwa imeshalipwa yote.

Tangu hapo nimenunua vifaa vya kuta mara kadhaa, vyangu na vya ndugu, Mbeya na Iringa. Ninachotaka ujue kabla hujatoa hata shilingi ni hiki: bei ya tofali moja haikuambii chochote. Unachonunua ni ukuta, kwa hiyo hesabu kwa mita ya mraba.

Chukua futi, pima urefu na kimo cha tofali unaloonyeshwa. Ongeza sentimita 1.5 kwenye urefu na 1.5 kwenye kimo kwa ajili ya mota, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia, zidisha, kisha angalia yanaingia mangapi kwenye mita moja ya mraba. Tofali la kuchoma lenye urefu wa sentimita 25 na kimo cha 10 yanaingia kama 33. Lenye urefu wa 22 na kimo cha 7 yanaingia 50. Sasa tuseme kubwa ni shilingi 150 na dogo ni 110, mfano tu wa hesabu. Kubwa litakugharimu 4,950 kwa mita ya mraba, dogo 5,500, na hilo dogo litakula mota zaidi kwa sababu viungo ni vingi. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Na hapo bado hujaweka usafiri na yatakayovunjika njiani. Mimi huongeza kumi kwa kila mia.

Msingi: jiwe, bila mjadala

Kabla ya kufika kwenye kuta, msingi. Huku kwetu jiwe lipo, na hakuna tofali linalolishinda chini ya ardhi. Iringa imekaa juu ya miamba ya granite. Anayeishi mjini ameliona jiwe la Gangilonga tangu utotoni. Rungwe kuna mawe meusi ya volkano. Jina lenyewe la Iringa linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na Mkwawa aliizungushia Kalenga ukuta wa mawe uliowasumbua Wajerumani mpaka walipouvunja Oktoba 1894. Jiwe si jambo la kufundishwa na mgeni.

Shida ya jiwe ni namna linavyouzwa. Linauzwa kwa tripu, na tripu haina kipimo. Kenta moja na nyingine hazilingani bodi, na mpangaji hodari anajua kusimamisha mawe makubwa pembeni akaacha uwazi katikati. Kubaliana na dereva kwamba mzigo utapangwa chini kwanza, kisha upime urefu, upana na kimo cha rundo. Kataa mawe ya mviringo ya mtoni, hata kama ni bure. Jiwe la kujengea linatakiwa liwe na nyuso mbili zilizo bapa kiasi, ili lilale. Fundi wako naye umtazame: jiwe hulazwa kwa upande wake mpana, halisimamishwi ili sura yake nzuri ionekane nje, na uwazi mkubwa hujazwa vipande vya mawe vilivyogongwa vikakaza. Ukiona anajaza mota tupu kwenye shimo la ukubwa wa ngumi, saruji yako inazikwa.

La kwanza: tofali la kuchoma lililoiva

Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, Iringa, Mafinga, Njombe au Mbeya, naliweka juu ya yote. Linatengenezwa jirani, fundi yeyote mwashi analijua, na usiku wa baridi ya Juni na Julai chumba cha ukuta wa tofali la kuchoma hakikuumizi kama cha bloku nyembamba. Halihitaji plasta ya nje likiwa zuri. Majengo ya zamani ya misheni pale Tosamaganga yamesimama kwa matofali.

Lakini neno ni "lililoiva". Ndani ya tanuru moto hauwi sawa. Ya katikati na karibu na midomo ya moto huiva sana, mengine hata kuyeyuka na kupinda. Ya pembezoni na ya juu kabisa hubaki mabichi, yamebadilika rangi tu. Muuzaji anayejua kazi huyatenga. Asiyejali huyachanganya, na wewe ukifika jioni hutaona tofauti.

Kwa hiyo nenda asubuhi, na usichague matofali uliyopewa mkononi. Chomoa mwenyewe kutoka sehemu tofauti za rundo, kama kumi hivi. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kopo lenye unga. Kwaruza kwa msumari. Ukiacha mfereji, weka pembeni. Achia moja lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, lisipasuke. Halafu lile jaribio ambalo lingeniokoa mimi: chukua mawili nyumbani, yapime uzito yakiwa makavu, yalaze kwenye ndoo ya maji mpaka kesho yake, upime tena. Likiwa limeongezeka zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, linanyonya mno. Likiwa limeacha tope chini ya ndoo, usirudi kwa huyo muuzaji.

Msimu nao una bei yake. Matofali hufyatuliwa kiangazi, mvua zikishakatika, na Agosti hadi Oktoba rundo ni kubwa na unaweza kuchagua. Novemba unanunua kilichobaki.

Na uliza yamechomwa kwa nini. Kuni zimemaliza miti mingi kwenye vilima vyetu, na hili linaniuma kuliko bei. Usangu, ambako mpunga ni mwingi, kuna wanaochomea pumba. Nikipata matofali ya pumba yaliyoiva sawasawa, nachukua hayo hata kama yamezidi kidogo.

Siku ya kujenga, yalowanishe kabla. Tofali kavu hunyonya maji ya mota ghafla, saruji inakauka bila kushika, na baada ya mwaka utalichomoa kwa mkono. Lisiwe linachuruzika pia. Lilowe, liachwe likauke uso.

La pili: bloku ya saruji, ukifyatua mwenyewe

Hapa nimetenganisha kwa makusudi. Bloku uliyofyatulia kiwanjani kwako ukiwa umesimama pale ni kifaa kizuri: imenyooka, ujenzi unakwenda haraka, na mita ya mraba inachukua 9 tu za inchi 18 kwa 9 zikiwa zimesimamishwa. Saruji haitoki mbali, maana kiwanda kipo Songwe, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Bloku ya kununua barabarani, ambayo hujui mfuko mmoja ulitoa ngapi, mimi naiweka chini karibu na mwisho kabisa.

Hilo ndilo swali la kuuliza: mfuko wa kilo 50 unatoa bloku ngapi za inchi 6? Wapo wanaotoa 30, wapo wanaovuta hata 40. Mimi nikifyatua sivuki 25. Ukinunua, vunja moja uangalie ndani. Ikimomonyoka kwa vidole kama keki iliyokauka, ondoka. Uliza pia imekaa siku ngapi na nani aliimwagilia. Saruji inapata nguvu kwa maji. Siku saba za kumwagilia ni za lazima, na nguvu inayotegemewa inafika kwenye siku ya 28. Sehemu kama Makete na Njombe, ambako Juni kuna baridi kali na mahali pengine jalidi, zifunike usiku kwa nailoni na nyasi, maana baridi huchelewesha saruji kushika.

Kabla ya yote hayo pima mchanga. Jaza chupa ya kioo nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa moja. Tope litakaa juu kama utando. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, huo ni udongo unaouziwa kwa jina la mchanga.

La tatu: tofali la kufungamana

Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwenye mashine, halichomwi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umelitangaza kwa miaka mingi, la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, karibu 34 kwa mita ya mraba. Huhitaji mota kati ya kozi na kozi, yaani mstari mmoja wa matofali na mwingine, wala plasta kwa lazima, wala mti hata mmoja kwenye tanuru. Kwa moyo wangu lingekuwa la kwanza.

Nimeliweka la tatu kwa sababu mbili tu. Udongo lazima uwe wa kichanga, usio na mizizi wala weusi wa juu, na huku kwetu unaweza kuhama viwanja viwili ukakuta udongo mwingine kabisa. Pili, mafundi wake ni wachache. Kozi ya kwanza isipolala kwenye pima maji barabara, hakuna mota ya kusawazisha juu, na kosa la milimita chache chini linakuwa mwanya unaoonekana kwenye kona ya dirisha. Kama una mashine karibu na fundi uliyeona ukuta wake kwa macho, lipandishe namba moja, sitakupinga.

La nne: jiwe kwa ukuta mzima

Hudumu. Ila ukuta wa mawe yasiyochongwa hautakiwi kuwa chini ya sentimita 40 unene, kwa hiyo unalipa mawe mengi, mota nyingi, siku nyingi za fundi, na vyumba vinapungua. Mawe yaliyochongwa yanapunguza mota lakini kuchonga kunalipiwa. Ukiamua, sisitiza mawe marefu ya kufungia, yanayopita kutoka uso wa ndani hadi wa nje au karibu, angalau moja kwa kila mita ya mraba. Bila hayo una kuta mbili nyembamba zilizoegemeana, na siku moja zitaachana.

La mwisho: tofali bichi

Hili ni la udongo uliokaushwa tu, halikuingia tanuru kabisa. Silidharau, wengi tumelelewa ndani yake. Kwenye ukavu wa Usangu, likiwa juu ya msingi wa mawe uliopanda sentimita 40 au zaidi kutoka ardhini, paa limetokeza vizuri, linafaa kwa jiko, stoo au nyumba ya kuanzia. Tukuyu, ambako mvua huvuka milimita 2,000 kwa mwaka, usijaribu.

Vitu vingine vya kuweka kwenye orodha ya manunuzi

Ukuta hausimamishwi na tofali peke yake. Kila tofali lipishane na la chini yake, kiungo kisikae juu ya kiungo. Nusu kwa nusu ndiyo salama, na lisiwe chini ya robo. Ina maana utahitaji vipande vya nusu kwenye kona na madirisha, na hapo ndipo yale yaliyovunjika njiani yanapata kazi. Nunua nailoni nzito ya kuzuia unyevu, itandazwe juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza. Kuna watu hubana hapo, kisha kila masika plasta inavimba na kuanguka kwa kimo cha goti.

Nondo za lenta usizipunguze. Mbeya ipo pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na ardhi hutikisika. Mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha ndio unaozishika kuta zisifunguke kwenye kona. Lenta ya vipandevipande juu ya kila dirisha haifanyi kazi hiyo.

Saruji ya daraja la 32.5 inatosha kwa mota na plasta, 42.5 iweke kwa zege. Kwa mota, saruji moja kwa mchanga tano au sita. Wengine huzidisha saruji wakidhani wanaimarisha ukuta, kumbe mota ikiwa ngumu kuliko tofali, nyumba ikitulia kidogo tofali ndilo linalopasuka. Koroga kiasi cha kumalizika ndani ya saa moja na nusu, na usimruhusu fundi kurudisha maji kwenye mota iliyoanza kushika. Ukuta usipande zaidi ya mita moja na robo hivi kwa siku, hata kama fundi anataka kuwahi malipo.

Mzigo ukifika, uwe pale mwenyewe au umweke mtu unayemwamini. Yahesabiwe yanapopangwa chini, mia mia, siyo yanaporushwa kutoka kwenye gari. Yaliyovunjika yawekwe upande, mabichi upande mwingine, ndipo salio litoke mfukoni. Kisha funika rundo lako kwa turubai jioni hiyohiyo.