Picha za jozi au leza: kupima mwinuko wa nchi za barafu

Ukitaka ramani inayoonyesha kila bonde na kila ufa wa barafu, chagua picha za jozi. Setilaiti hupiga eneo moja kutoka pembe mbili, kisha kompyuta hutafuta alama ileile katika picha zote mbili na kukokotoa kimo chake kutokana na tofauti ya mahali inapoonekana. Ndivyo ilivyotengenezwa ArcticDEM, ramani ya vimo vya Aktiki yenye vipimo kila mita 2, pamoja na mwenzake wa Antaktika, REMA. Uzuri wake ni kwamba ardhi yote inafunikwa.

Tatizo ni theluji yenyewe. Uwanda mweupe usio na alama hauipi kompyuta cha kushika, na matokeo yake ni vilima vya uongo au mapengo. Usiku wa miezi kadhaa ya baridi, hakuna picha kabisa.

Leza ya ICESat-2, setilaiti ya NASA iliyorushwa 2018, haihitaji jua. Hutuma mapigo 10,000 kwa sekunde na kupima muda wa mwanga kwenda na kurudi, kwa usahihi wa sentimita. Lakini hupima mistari tu: miali yake huenda miwili miwili, na kati ya jozi moja na nyingine kuna takriban kilomita 3. Mawingu mazito huzizuia njia zote mbili.

Kwa kufuatilia barafu inavyopungua mwaka hadi mwaka, naiamini leza. Kwa umbo la ardhi, picha, mradi vimo vyake visahihishwe kwanza kwa vipimo vya leza, maana bila hivyo vinaweza kukosea kwa mita kadhaa.